Kompyuta Isiyo na Feni

Kaka yangu,

Uliuliza ni kompyuta gani nimenunua ya kumsikilizishia Mama, hapo kitandani anapougulia, hadithi alizorekodi marehemu Baba. Ni kuukuu, bei chee, ndogo kama kitabu, na inakula umeme kidogo kuliko balbu. Fundi alinisukumia nyingine yenye feni inayovuma. Nikakataa. Chumbani mle nilitaka kusikia vitu viwili tu, sauti ya Baba na pumzi za Mama.

Jumanne Baba alifika pale anapocheka. Nikaongeza sauti ili Mama afurahi. Nilipoipunguza, nikasikia kitu kimoja tu, sauti ya Baba.

Tulimzika Mama jana, hatukuweza kukungoja. Baba bado anasimulia mle ndani, na mkono wangu unakataa kuizima ile kompyuta. Njoo uizime wewe.

Mdogo wako niliyebaki na Mama