Kuku Niliyemleta Siku ya Nne

Mabukwe,

Nakuandikia nikiwa uani kwako Carama, mgongo nimeegemeza kwenye lile banda la kuku. Mwanao Goreti ameenda sokoni na dada zake kutafuta vitu vya Jumamosi. Jumamosi tunaondoa kilio chako, tunamaliza matanga. Mahema yamekwisha kuagizwa, viti pia, na padri amekubali kuja. Kaka zake Goreti wanataka mimi nizungumze kwa niaba ya wakwe, kwa kuwa wote wanajua tulivyokuwa, mimi na wewe.

Wanajua nusu.

Watu walikuwa wakicheka kuona mkwe na mama mkwe wake wamechuchumaa pamoja mbele ya kuku. Mimi mwenyewe nilishangaa. Miaka miwili ya mwanzo nilikuogopa. Nilikuja Jumapili, nikakusalimia nimeinama, nikanywa fanta yangu nikitazama ukuta mpaka Goreti aseme twende. Kisha wale wazungu wa Kinindo uliowapikia miaka mingi wakarudi kwao, wakakuachia jogoo mmoja na matetea wawili wa aina ya Brahma. Uliposhuka nao kwenye taksi, mtaa mzima ulitoka kuangalia. Kuku wakubwa kama bata mzinga, weupe, shingo zimechorwa weusi, na miguu imefunikwa manyoya hadi vidoleni. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kuku wamevaa suruali!" Ukanigeukia mimi, siyo wanao. "We Deo, we ni fundi wa umeme. Njo unifanyie taa ya vifaranga."

Hiyo ndiyo siku niliyoacha kutazama ukuta.

Ulinifundisha kila kitu. Kwamba banda lao halitakiwi kuwa na tope hata kidogo, kwa kuwa tope likikauka kwenye manyoya ya miguu linayakata. Kwamba pumba za mpunga zibadilishwe kabla hazijanuka. Kwamba miguu ipakwe mawese, manyoya yanaficha utitiri. Ulichukua mkasi wako wa kushonea, ukanionyesha jinsi ya kupunguza manyoya yaliyojaa chini ya mkia, la sivyo jogoo anapanda bure na mayai hayana kitu ndani. Niliona aibu kufanya kazi hiyo mbele ya mama wa mke wangu. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Mukwe wangu anaonea kuku haya!"

Kirundi ulikiweka kwa ajili ya kanisa na ofisi. Ulikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na Kiswahili ndicho ulichotumia kwa kuku, kwa Mama Yusufu, na mwishowe kwangu.

Mama Yusufu. Lazima nimtaje sasa, ingawa najua jina hili ulilikataza nyumbani kwako. Duka lake liko ng'ambo ya ua wako, na kuku wake wa kienyeji walikuwa wakipenya kwenye miti ya ua wakija kudonoa kwako, na hukuwahi kuwafukuza. Siku ya Idi alikuletea pilau ya baba zake Waarabu. Siku ya Noeli ulimpelekea keki. Matetea wako wa Brahma walipokuwa wakivuruga mayai kwa ile miguu yao mizito, ni yeye aliyekuja na tetea wake wa kienyeji kwapani, akakuambia, "Shika huyu, dada. Huyu anajua kulalia." Vifaranga wako wa kwanza walitoka chini ya kuku wa Mama Yusufu. Shefu alikuwa mmoja wao.

Unakumbuka asubuhi tuliyompeleka Shefu kwenye maonyesho ya kuku kule Kinindo? Ulimwogesha kwenye beseni na sabuni ya mtoto, ukamsugua miguu kwa mswaki, ukamkausha juani ukimwimbia. Kisha ukamvisha soksi za mtoto wetu ili asijichafue njiani. Jogoo mkubwa namna ile, kwenye kiti cha nyuma cha taksi, na soksi za njano. Alipata nafasi ya pili. Yule bwana aliyekagua alimwinua mguu, akatenganisha manyoya, akasema, "Mwili mzuri. Lakini kidole cha katikati ni kitupu. Hapa panatakiwa manyoya." Hukuchukia. Ulisema tu, "Sawa. Tutakijaza."

Mimi ndiye niliyechukia. Nilitaka nafasi ya kwanza kuliko ulivyoitaka wewe mwenyewe, Mabukwe. Nilianza kuulizauliza. Mtu mmoja akaniambia kuna tetea aliyetoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Uvira, miguu yake imejaa manyoya mpaka kidole cha katikati. Nikamnunua. Nikakupigia simu kwa furaha, nawe ulikuwa stendi, unapanda basi kwenda Ngozi kumzika kaka yako. Katikati ya msiba wako bado ulinijibu: "Ni vizuri, Deo. Lakini ikae kwako Kanyosha. Siku makumi mbili na moja. Apana leta kwangu mbele ya hapo. Na nikirudi tutachanja wote, siku za chanjo zimepita."

Nilisema, "Ndiyo, Mabukwe."

Wiki hiyo mafuta yalikosekana mjini. Kutoka Kanyosha mpaka Carama kila asubuhi, kulisha kuku wako, ilikuwa kusimama kwenye foleni ya basi mpaka jua liwe kali, siku nyingine kutembea. Siku ya nne nikaamua kuhamia kwako mpaka urudi. Tetea nikaja naye kwenye boksi. Mpaka hapo ningeweza kujitetea. Ningemweka chumbani, ningemfungia stoo. Lakini alikuwa mzuri, anakula vizuri, macho yanang'aa, nami nikawaza kwamba ukirudi ukute mayai yamekwisha kutagwa. Nikafungua banda, nikamweka kwa Shefu. Mikono yangu mwenyewe. Hakuna aliyenishauri.

Yule tetea mgeni ndiye aliyekufa kwanza. Nilimkuta asubuhi amelala pembeni. Nikamzika nyuma, karibu na migomba, nikasawazisha udongo kwa mguu. Kesho yake wawili wakaanza kupumua kwa mdomo. Kisha kinyesi cha kijani. Kisha shingo zikaanza kupinda. Sikukupigia simu. Kila siku nilijiambia nitapiga jioni.

Uliporudi walikuwa wamekufa kumi. Shefu alikuwa bado hai, shingo imegeuka nyuma, anajaribu kusimama juu ya ile miguu na kuanguka. Ulikuwa bado na nguo za msiba. Uliketi chini kwenye pumba, ukamweka mapajani, ukamshika kichwa ili kinyooke. Hukulia. Ulikuwa ukimwambia, "Tulia, baba. Tulia, baba," mpaka alipotulia.

Veterineri alikuja mchana. Alisema ni ugonjwa wa kideri, umeingia na kuku wa nje. Akauliza, "Kuna kuku mgeni aliyeingia hapa?"

Nilikuwa nimesimama pale, Mabukwe. Hatua tatu kutoka kwako. Nilifungua mdomo, kweli niliufungua. Nawe ukageuka ukatazama ua, na kuku wa Mama Yusufu walikuwa wakipenya kama kawaida yao.

Uliinuka ukaenda. Nilisikia kila neno. "Mama Yusufu, kuku zako zimeniulia watoto." Yeye akatoka dukani na mikono yake ina unga. "Dada, zangu zote ni nzima. Zilichanjwa. Angalia." Nawe ukasema, "Ndiyo maana! Zenyewe haziumwi, zinaleta kifo kwa wengine." Ukamwambia asikanyage tena kwako. Alibaki amesimama pale, anakuita, "Dada. Dada." Siku ya pili uliita fundi akaweka mabati pale palipokuwa na ua wa miti. Mimi nilimsaidia fundi kushika mabati.

Siku moja tu uliniuliza. Tulikuwa tunatoa pumba za zamani. Ulisema bila kuniangalia, "Deo, ile kuku yako ya Uvira iko wapi?" Nikasema nimeirudisha kwa mwenyewe, haikunipendeza. Ukasema, "Sawa." Neno hilo limenila. Sijui kama uliniamini. Sijui kama ulijua ukaamua kuniachia nafasi, nami nikaiacha ipite.

Baada ya hapo nilipunguza kuja. Nilisema kazi nyingi, nilisema mafuta hakuna. Banda ukaligeuza kuwa stoo ya makaa. Nikija, tulikaa sebuleni, nikanywa fanta yangu. Goreti alidhani ni huzuni ya kuku. Presha ilipokuchukua, nilikuwa sijafika kwako mwezi na nusu.

Siku ya kilio Mama Yusufu alikuja mpaka getini na sufuria kubwa ya wali kwa ajili ya waombolezaji. Hakuingia. Nilipomkaribisha alisema, "Apana, Deo. Mwenyewe alinikataza." Alinipa sufuria akarudi. Nikaibeba ndani, watu wakala, wakasema ni tamu. Mimi sikuonja.

Ilinichukua miezi minane. Mwezi uliopita nilikwenda dukani kwake wakati hakuna wateja, nikamwambia yote, toka tetea mpaka mabati. Alikuwa anakunja magunia matupu. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi anitukane. Akasema, "Na leo unaniambia mi? Mutu wa kuambia alikuwa yeye. Nenda kamwambie."

Nikasema, "Mama Yusufu, amekufa."

"Najua amekufa. Nilimwona akipita ndani ya sanduku, nimesimama hapa mlangoni. Nenda kamwambie."

Ndiyo maana nakuandikia.

Goreti naye nilimwambia, siku hiyo hiyo. Aliuliza swali moja: "Kwa hiyo Mama alikufa akimchukia mutu bure?" Wiki nzima alizungumza na mimi kupitia watoto. Jana amenipigia pasi shati la Jumamosi. Sijui maana yake. Sijauliza.

Maonyesho ya Kinindo bado yapo. Mtu mmoja alinipigia kunipa mayai ya Brahma, nikamshukuru nikakataa. Siwezi kuwafuga kwa sasa. Bado nikiona tope njiani nafikiria miguu yao.

Nisamehe, Mabukwe. Siyo kwa kuku tu. Ugonjwa ungeweza kuja hata kwa upepo, na wewe ungenifokea siku mbili kisha tungeanza upya na mayai mengine. Nakujua. Nisamehe kwa kukunyima hiyo nafasi ya kunifokea. Nisamehe kwa mwaka ule wa mwisho ulioishi nyuma ya mabati bila rafiki yako, ukisikia sauti yake dukani kila siku.

Asubuhi hii nimekuja na nyundo. Nimeng'oa mabati yote, yamelazwa hapa pembeni. Mama Yusufu alisimama mlangoni akaniangalia mpaka nikamaliza. Nimemwambia Jumamosi kuna kiti chake mstari wa mbele, pamoja na dada zako. Akarudi ndani ya duka lake.

Akija au asije, nakuahidi hivi. Padri akimaliza, nitasimama mbele ya watoto wako, wakwe zako na jirani zako wote waliosikia yale maneno uani siku ile. Nitasema kwamba kuku wa Mama Yusufu walikuwa wazima. Nitasema ni nani aliyefungua banda. Wakitaka kuninyang'anya maikrofoni, nitasema bila maikrofoni.

Pumzika, Mabukwe. Sasa umesikia wewe, kabla ya watu wa Jumamosi.

Mukwe wako,
Deo