Kitabu cha Sita

Alhamisi, Desemba 2008

Na bado sijaamua kama nikanunue kitabu cha sita. Bwana Seif, Mzanzibari mwenye duka la vitabu mtaa wa Oud Metha hapa Dubai, ameniwekea. Ni katuni zilezile, jalada gumu kama vile vitano vilivyo chini ya kitanda, na shujaa wetu tulimwacha akiporomoka kutoka angani.

Nasema wetu kwa sababu Hamisi, mtu wa Tanga ninayeishi naye chumba kimoja, husoma kila kimoja baada yangu. Leo ameitwa ofisini, akarudi kufungasha. Ujenzi wa mnara wao umesitishwa, fedha zimekwisha. Anaondoka kesho.

"Usinunue, kaka," aliniambia. "Vitabu vizito hivyo! Siku wakikuita utaviacha vyote."

Nikamwambia sisi walinzi hawatatugusa.

"Mtalinda nini, jengo likiwa tupu?"

Kule Marina ninakolinda, madirisha yenye taa yanazidi kupungua. Naogopa, basi.

Nimempigia Bwana Seif nikamwomba kitabu hicho ampe mteja mwingine.

Akaniuliza, "Mteja gani, mwanangu? Umebaki wewe tu."