Mlango wa Mbele

Toronto, 2 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakuacha ulale. Mimi mzima, ila samaki wa huku hawana ladha.

Chuo kimekubali utafiti wetu! Julai tunakuja Merritt Cove kuchunguza kwa nini wageni wa kulipa wakishalala kwako hurudi kila mwaka. Tuko watatu: Desai mwanauchumi, Lucie wa saikolojia, nami wa utalii. Nimewaahidi sitapendelea nyumba yetu. Basi usinidekeze mbele yao, nichukulie kama mgeni yeyote.

Mwanao, Bernadette

Merritt Cove, 14 Mei

Bern mwanangu,

Marahaba. Goti linanung'unika mvua ikikaribia, kama marehemu baba yako. Wasomi watatu kuchunguza kitanda na uji! Haya, karibuni. Ila kukufanya mgeni, sijui nitaanzia wapi.

Mama yako

Toronto, 25 Julai

Mama,

Shikamoo. Tumefika salama, na wenzangu wanakusifu njia nzima. Mimi kuna jambo nataka kukuuliza.

Siku zote tano hukunitania hata mara moja. Uliniandalia chai sebuleni, kwa vile vikombe vya maua ambavyo tangu utoto sijaruhusiwa kuvigusa. Asubuhi uliniuliza kama kitanda kimenifaa. Nilijifungia bafuni nikalia. Nimekukosea nini?

Mwanao

Merritt Cove, 8 Agosti

Bern,

Marahaba. U mzima? Mimi sijambo.

Ulibisha hodi mlango wa mbele, mwanangu. Mlango ule hupita padri, wageni wa kulipa, na jeneza la baba yako lilipita hapo. Watu wetu huingia nyuma, jikoni, bila hodi, na matope yao. Nilikuwa nakanda unga nikasikia ngo ngo. Kufungua, ni wewe, na karatasi zako kifuani. Uliomba ugeni, nikakupa, na roho iliniuma.

Kila jioni niliweka kikombe chako kilichomeguka pale jikoni, nikisema labda atapita. Aliyepita ni Desai! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: alinipasulia kuni, akala mkate wa molasi wima wima. Kikombe chako sikumpa.

Mama yako

Merritt Cove, 20 Septemba

Bern,

Hujambo? Mbona kimya? Sikukuandikia vile ili unyamaze.

Mama

Jikoni kwako, Jumapili, 10 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nimekuta umekwenda kanisani.

Ripoti wataandika Desai na Lucie, na jina langu halitakuwamo. Niliwaambia nyumba hii siwezi kuipima, kwa sababu nilipojaribu nilijikuta nje yake. Walinisihi wiki nyingi nisijitoe, ndiyo maana nilikuwa kimya. Niliona aibu kukuandikia kabla sijaamua.

Nimeingia nyuma na sikubisha. Sakafu yako nimeijaza matope, na chai nimekunywa kwa kikombe kilichomeguka. Niko bandani napasua kuni. Njoo unifokee.

Mwanao