Gari la Msimamizi Wetu Halijawahi Kuona Theluji

Mpendwa dada mshauri,

Sasa hivi tu Janja wangu, ana miaka mitatu, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kiti cha gari wakati baba yake anakwangua barafu kwenye kioo, akafunua kapeti, akachukua kijiko chake cha uji akakisukuma sakafuni, kijiko kikapita chote kikaangukia kwenye theluji, akapiga kelele, "Mama, njoo! Gari lina dirisha chini!" Nikacheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka, kisha nikambeba nikaingia naye jikoni, nikatafuta kalamu, maana nisipokuandikia leo sitakuandikia tena.

Naomba unisaidie, dada, na usinisome redioni kwa jina la ukoo.

Sisi tunakaa milimani, juu ya mji wa Žabljak, theluji kwetu inaweza kukaa mpaka Mei. Janja ana pumu. Mwaka jana kigari chetu kidogo kilikwama pale kwenye kona, tukafungiwa na theluji siku mbili dawa zimekwisha, mtoto anapumua kama paka aliyebanwa na mlango, nikaapa mbele ya sanamu ya Mtakatifu kwamba majira mengine ya baridi hayatatukuta bila gari linalovuta magurudumu yote manne. Jipya hatuliwezi, la zamani ndiyo saizi yetu, lakini kila lililouzwa huku milimani Momir, mume wangu, akilichungulia anakuta limeoza, kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Huku kwetu kila mtu anajua, ukitaka gari la zamani lisilo na kutu, shuka pwani, huko hakuna theluji na hakuna anayemwaga chumvi.

Na pwani tunaye msimamizi wetu, Batrić wa Herceg Novi, ndiye aliyesimama nasi kwenye ndoa na ndiye aliyemshika Janja kwenye maji ya ubatizo. Alikuwa na gari aina ya jipu, la miaka kumi na tisa, linang'aa utafikiri sahani ya harusi. Dada, mimi ndiye niliyeliomba. Tulikwenda kwake Agosti, tunakula samaki, nikasema, "Msimamizi, siku ukilichoka lile gari usimpe mtu mwingine." Akacheka akajipiga kifua, "Mama Janja, likitoka kwangu linakuja kwako! Lile gari halijawahi kuona theluji wala chumvi ya barabarani, nakuapia kwa mkate huu." Momir akachukua tochi anataka kulichungulia chini, nikamfinya paja chini ya meza, nikamwambia, "Huna aibu? Utalala chini ya gari la msimamizi wako kama polisi wa mpakani?" Akairudisha tochi mfukoni. Huku kwetu ndivyo ilivyo, huwezi.

Sasa sikia neno ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi ya siku ileile, Momir amelala kwa sababu ya rakia, pombe kali aliyokunywa jana yake, mimi na Janja tulishuka na msimamizi ufukweni. Akafunga tela la boti nyuma ya jipu, akalirudisha kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma yakazama, mawimbi yanapiga chini kabisa, boti ikaelea. Akasema anafanya hivyo kila Jumamosi. Janja anapiga makofi, mimi nikapiga picha. Picha ninayo kwenye simu. Na wala sikuwaza kitu, dada, nakuapia, kwangu mimi chumvi inayokula magari ni ile inayorushwa na lori la barabara, bahari nilidhani ni ya kuogea.

Septemba msimamizi akatuuzia kweli, na Oktoba Momir alilipeleka gereji kubadilisha matairi. Fundi akagonga chasisi kwa nyundo, vikadondoka vipande kama mkate wa mahindi wa juzi. Akasema, "Momir, hili limekula chumvi kuliko nyama yako ya kukausha. Umelitoa wapi, baharini?" Momir akakasirika. Amerudi nyumbani anasema fundi ana wivu, anasema Batrić hawezi kumuuzia gari bovu, "Mtu aliyemshika mwanangu mikononi!" Akanunua lami akapaka chini pote, sasa ni jeusi zuri huwezi kujua kitu. Mama mkwe naye ndiyo kabisa, ananiambia, "Kwanza Mungu, kisha msimamizi. Mke anayeleta maneno juu ya msimamizi anavunja nyumba." Na mimi nimenyamaza na picha yangu.

Leo Janja ana miadi kwa daktari wa mapafu kule Nikšić, apewe dawa za majira yote ya baridi. Theluji inaanguka tangu Jumatatu. Kuna wakati najiambia labda chini ya ile lami kuna chuma kizima kimebaki, maana bodi ni nzuri kweli, na hita inafanya kazi, na Janja analipenda, lakini kijiko kimepita, dada, cha mtoto, hakusukuma hata kwa nguvu. Nataka kujua tu, nikimwonyesha Momir ile picha na yeye akaamua kwamba mimi ndiye

ananiita, anasema, "Danka! Mvishe mtoto, gari limewaka!", nitamalizia njiani, nilikuwa nauliza kama

*

Danka mdogo wangu,

Bahasha yako ina mhuri wa posta ya Nikšić. Kwa hiyo mlifika. Nimeshukuru Mungu, nikanywa maji, kisha nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe bado ninayo.

Umeona kwa macho yako sakafu inatobolewa na kijiko cha uji, halafu ukamvisha mtoto koti ukampakia humohumo. Uliogopa nini? Ulimi wa mama mkwe? Ulimi wa mama mkwe haujawahi kumtupa mtu bondeni. Chasisi ikikatika kwenye kona, inamtupa.

Kutojua habari za bahari si dhambi. Umezaliwa kwenye theluji, nani angekufundisha? Kosa lako ni miezi hii yote ya kukalia picha. Mwonyeshe Momir leo, mtoto akishalala, na umwambie pia kwamba wewe ndiye uliyemzuia na tochi yake. Atafoka. Mwache afoke. Mwanamume aliyepaka lami juu ya uozo anajua tayari, anachotafuta ni mtu wa kumpa ruhusa ya kukiri.

Kama Batrić alijua, mimi sijui. Watu wa pwani wanajua bahari inavyofanya chuma, lakini kiapo chake alikichagulia maneno vizuri mno, na hilo silipendi. Msimshtaki kwa simu. Mwambieni hivi: "Msimamizi, panda uje, Janja ana safari ya hospitali, tunataka umpeleke wewe." Akifika, Momir atandike turubai, ampe tochi na nyundo, amkaribishe chini ya gari. Akitoka huko uso umepauka akasema nitarekebisha, bado mna msimamizi. Akikataa kulala chini, basi undugu ameuvunja yeye, wala si wewe.

Kwa sasa nenda zahanati ya hapo Žabljak, muuguzi akuwekee dawa za akiba nyumbani, na umuulize madereva wa magari ya kusafisha theluji hupita saa ngapi na hubeba wagonjwa vipi. Siku ya miadi ijayo mpande basi. Mwombeni fundi radhi, kisha mwende naye kutafuta gari jingine huko bondeni kwenye joto, mbali na bahari na mbali na milima, kwa mzee aliyeliweka bandani. Mfunue makapeti. Mgonge chuma: kizima kinalia, kibovu kinatoa sauti ya ubao. Mkikuta lami mbichi, mseme kwaheri mwondoke. Na mlale chini hata likiwa la askofu.

Lakini hayo ni ya kesho. Saa hii, ukimaliza mstari huu, chukua funguo za lile jipu uzifiche. Wakikuuliza nani amekutuma, taja jina langu.