Mama Mkwe Alifua Sahihi Zangu za Miaka Tisa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana jibu litoke kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana baada ya hapo halitakuwa na kazi tena. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, nafanya kazi katika duka la miwani, napima watu macho na kuwachagulia fremu, na shida yangu si ya ndoa, mume wangu hana neno, shida yangu ni shukrani, nimeshukuru mpaka chakula hakipiti, lakini ngoja nianze mwanzo usije ukaniona nimechanganyikiwa.

Katika mji wetu kila msimu wa joto bendi hupiga muziki kwenye bustani ya manispaa, kila Jumamosi kuanzia mchana mpaka jua linapozama, na mimi sikuwahi kukosa tangu nikiwa msichana hadi mwaka huu, na hapo ndipo nilipokutana na mume wangu, tulikuwa nyuma ya jukwaa, mimi nikimsubiri mpiga tarumbeta mmoja mzee anitilie sahihi na yeye akitafuta choo. Siku hiyo sikuwa na karatasi, nilikuwa na shuka jeupe nililokuja kukalia, nikampa yule mzee shuka, akacheka, akatia sahihi kwenye pembe, na kuanzia hapo shuka ndilo likawa daftari langu, misimu tisa, sahihi thelathini na moja, waimbaji, wapiga gitaa, wapiga ngoma, wengine wamehama, wengine wameacha muziki, na mzee wa tarumbeta mwenyewe ameshafariki, Mungu amrehemu.

Mwaka huu mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu akisubiri upasuaji, ana mtoto wa jicho, mimi mwenyewe ndiye niliyempima nikaona haoni isipokuwa vivuli. Ni mwanamke asiyejua kukaa bure, maisha yake yote amedarizi vitambaa vya meza vya watu, hajui kusoma hata herufi moja lakini sindano ikiwa mkononi mwake hushona hata kwa kupapasa. Sasa siku moja kabla msimu haujaanza nilianika shuka langu kwenye kamba lipigwe na upepo, nikaenda kazini, mama akapita, kwa ukungu wa macho yake akaona shuka jeupe limejaa madoa, akasema moyoni maskini mkwe wangu hata nafasi ya kufua hana, akaliloweka kwa dawa ya madoa, akalichemsha, akalisugua kwa mikono yake miwili. Niliporudi lilikuwa jeupe pee, naye amekaa kibarazani anasubiri nimsifu.

Mshauri, nilisema neno. Nilisema, "Mama, umenifulia maisha yangu yote, na huna hata macho ya kuona ulichofanya." Sikupaza sauti, nililisema polepole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Yeye akasema, "Nisamehe, mwanangu," akaingia chumbani kwake, na mimi sikujibu, na mpaka ninapoandika barua hii sijajibu.

Basi akafanyiwa upasuaji, akapona vizuri, nikamtengenezea miwani, tukawa tunasalimiana na kupakuliana chakula kama majirani waungwana. Kila Jumamosi akawa anaaga kwamba anakwenda kumtembelea mwanamke waliyelazwa naye wodi moja, na mimi kwa hasira zangu mwaka huu sikutia mguu bustanini, hivyo sikujua lolote. Jumapili iliyopita akaniita chumbani kwake, akalifungua shuka kitandani, nikaona sahihi kumi na tisa zimedariziwa kwa uzi wa buluu, kila mkunjo na kila nukta, kazi ambayo fundi wa kulipwa angeikimbia. Akaniambia, "Mwanangu, hizi hata ukichemsha mara mia hazitoki."

Nilimuuliza amezipataje. Akasema mume wangu ndiye aliyemweleza yale madoa yalikuwa sahihi za wanamuziki, naye akasimama kwenye lango la nyuma la jukwaa Jumamosi nne mfululizo, juani, na miaka yote hiyo wanamuziki amewasikia redioni tu, sura zao hazijui, kwa hiyo kila aliyetoka na jasho alimuuliza, "Mwanangu, umefanya kazi hapa leo?" Akijibu ndiyo, anapewa shuka na kalamu.

Alipokwenda kuoga nikakaa kuzisoma. Ya kwanza imeandikwa Imekaguliwa, usiguse, na sahihi ya fundi umeme. Ya pili ni ya mlinzi wa lango, ameandika jina lake, saa tisa na robo, ametoka na mwavuli mmoja. Kuna mama mmoja kaandika chai vikombe arobaini, kisha akatia jina lake chini. Mpakuzi wa spika ameandika Nimepokea mzigo ukiwa kamili, na amepiga mstari chini yake kama wanavyofanya kwenye hati za mizigo. Yuko mpiga pasi wa sare za bendi, dereva wa lori, wafagiaji wawili. Mwanamuziki ni mmoja tu, mpiga besi, na nahisi yeye alipita kwa sababu alikuwa amebeba kiti. Nilicheka nikiwa na machozi, mshauri, sijui hata nikueleze vipi.

Mama hajui. Anaamini amenirudishia nilichopoteza, na sasa anataka Jumamosi ya mwisho twende wote, familia nzima, alitandaze shuka mbele ya jukwaa na kiongozi wa bendi aone kazi yake mbele ya watu. Ameshashona gauni la siku hiyo. Mume wangu anasema mwache mama afurahi. Wifi yangu anasema mwambie asije akachekwa hadharani na wewe unatazama. Mimi nimefikiria kumwambia onyesho limeahirishwa, na nimefikiria pia nifumue zile sahihi kidogo kidogo nikatafute za wanamuziki wenyewe nizidarizi palepale kabla hajatambua, mkasi nimeshauweka kwenye mkoba. Sitaki aumie mara ya pili kwa ajili yangu. Nimwambie au ninyamaze?

Ni mimi, mpima macho.

*

Mwanangu mpima macho,

Kwanza toa huo mkasi kwenye mkoba. Utoe sasa hivi, kisha uendelee kusoma.

Nilipofika kwenye chai vikombe arobaini niliiweka barua yako mezani nikacheka mpaka aliyekaa meza ya pili akaja kuuliza nina nini. Kwa hiyo nakushukuru kabla sijakugombeza. Na kukugombeza nitakugombeza.

Unasema shida yako ni shukrani. Si kweli. Shukrani unayo tele, shida yako ni deni la neno moja. Mama wa watu amekuomba msamaha, ukamwacha mlangoni na msamaha wake mkononi, na baada ya hapo ukamtengenezea miwani. Miwani ni jambo jema, lakini hakuna aliyewahi kusamehewa kwa fremu. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe ulijikwaa ulimi, tena ukamgusia macho yake mtu asiyeona. Najua uliumia. Misimu tisa si mchezo, na sahihi ya marehemu hairudi, hilo lilie, una haki ya kulilia. Lakini lile neno lilikuwa kubwa kuliko kosa, na unalijua, ndiyo maana chakula hakipiti.

Sasa nikuulize wewe unayepima macho ya watu. Miaka tisa umesimama nyuma ya jukwaa lile lile. Yule mama wa chai umewahi kumwona? Mpiga pasi je? Umewapita kila Jumamosi ukimkimbilia mpiga gitaa. Mama mkwe wako, mwenye macho ya wiki chache, aliuliza swali moja tu, umefanya kazi hapa leo, na akajibiwa ukweli mara kumi na tisa. Hakukosea watu. Wewe ndiye uliyekuwa unakusanya nusu ya bendi.

Kuhusu uongo wa onyesho kuahirishwa, sahau. Muziki wa bustani unasikika mtaa mzima, utamziba mama masikio na nini? Mumeo ana moyo mzuri lakini anataka amani ya bure, na amani ya bure Jumamosi hiyo italipiwa na mama yake mbele za watu. Wifi yako ana haki. Ila kumwambia kuna namna yake, na namna yenyewe ni hii.

Usingoje Jumamosi. Chagua siku ambayo watoto wako shule, ukae naye kitandani shuka likiwa kati yenu, na kabla hujataja sahihi yoyote umwambie, "Mama, nimekusamehe siku nyingi, na sasa naomba wewe unisamehe mimi kwa neno nililokwambia." Liseme hivyo hivyo, usilizungushe. Akilia, mwache alie. Kisha msomee. Hajui kusoma, mikono yake ilifuata mistari tu, kwa hiyo ana haki ya kujua mikono hiyo imeandika nini. Umsomee zote kumi na tisa, saa tisa na robo na mwavuli wake, na umweleze kila mtu ni nani na alifanya kazi gani ili wewe na mumeo mpate wimbo wa kuchezea. Usishangae akicheka kabla yako, mwanamke aliyesimama juani Jumamosi nne si kioo.

Halafu Jumamosi mwende, na gauni lake jipya alivae. Ila msiende mbele ya jukwaa. Mpeleke kwenye lango la nyuma, mlitandaze hapo, na muwaite wenyewe waje waone majina yao kwa uzi wa buluu. Mlinzi amwite mpiga pasi, mpiga pasi amwite mama wa chai. Kiongozi wa bendi akitaka kuona, na yeye apange foleni. Pembe ya mzee wa tarumbeta iacheni wazi, hapo ni pake.

Na usirudi nyumbani kabla hujafanya moja la mwisho. Mama yako alikuletea mzigo mzito, akakubebea juani, hajaona mtu wa kuupokea. Azima sindano yake, ukae karibu naye akuelekeze hata kama mkono wako ni mbovu, na chini ya zile kumi na tisa utie sahihi yako kwa uzi ule ule. La kuandika juu yake yule mpakuzi wa spika ameshakufundisha. Nimepokea mzigo ukiwa kamili.