Goli Lililopotea Kwenye Ukungu

Mjukuu wangu Tumaini,

Ugonile, hujambo huko Dodoma? Hapa Kyimo mvua haijakatika tangu Jumapili. Bibi yako goti linamsumbua, lakini fimbo hataki hata kuiona.

Umeuliza kwa nini kaka yake bibi, mzee Ambakisye, kila ukungu ukishuka huniuliza, "Shemeji, lile lilikuwa goli?"

Ujanani nilikuwa golikipa wa kijiji. Magoli yetu yalikuwa ya mianzi, hayana nyavu. Ukungu ukifunika uwanja hatukuahirisha mechi. Refa alimuuliza golikipa, na neno lake halikupingwa. Siku tuliyocheza na kijiji cha Mpuguso, Ambakisye, aliyekuwa mchezaji wao, alipiga mpira ukanipita begani, ukaingia katikati ya mianzi, ukapotelea kwenye shamba la chai. Refa akaja mbio: "Goli?" Nikasema, "Umetoka nje." Tukashinda. Ambakisye hakubisha. Alienda kuutafuta mpira.

Baadaye nilimuoa dada yake. Kila aliponiuliza nilicheka, nikageuza mazungumzo. Lakini nilipoisoma barua yako niliona haya kukuandikia uongo. Juzi alipokuja, ukungu ukiwa mlangoni, sikungoja aulize.

"Shemeji, lilikuwa goli."

Akaweka kikombe chini polepole. "Mimi nililiona siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nangoja na wewe ulione."

Leo ukungu umeshuka tena. Ambakisye amekunywa chai yake, ameondoka bila kuuliza kitu, na masikio yangu yamelikosa lile swali.

Babu yako