Jezi ya Kipa

Kamembe, Jumanne

Sikupaswa kuifua. Nilitaka tu namba moja mgongoni ionekane vizuri kwenye kamera.

Filamu yetu ni ya timu ya zamani ya hapa mpakani, lakini nani angeitazama bila Maman Furaha, aliyekuwa mpenzi wa kipa wake? Kipa alimwachia jezi baada ya mechi, akavuka daraja kwenda Bukavu, akaoa mwingine huko. Maman aliniambia huifungua valizi, sanduku alimoihifadhi, kila Jumapili. Sikuuliza kwa nini.

Leo nimemrudishia jezi imepigwa pasi. Akaiweka puani, akaishusha.

“Papa, jasho yake ilikuwaka mule. Sasa munapiga picha ya nini?”

Kamera ilikuwa inarekodi. Hatujawahi kupata picha nzuri kama hiyo, na najijua, nitaitumia.